Ukiipandisha prosesa, RAM haikufuati: hesabu za kufanya kabla ya kununua

Kasi ya prosesa hutokana na kuzidisha namba mbili: saa ya msingi, yaani mapigo yanayoongoza mwendo wa vifaa, inayotoka kwenye ubao mama, na kizidishi kilichomo ndani ya prosesa yenyewe. Core i5-4590, ambayo imejaa kwenye kompyuta za mtumba zinazouzwa Kampala, hupokea saa ya 100 MHz na kuizidisha mara 33, ndipo inapopatikana ile 3.3 GHz. Kuovakloki ni kuongeza mojawapo ya namba hizo. Ukiongeza kizidishi, prosesa hupanda peke yake. Ukiongeza saa ya msingi, kila kifaa kinachochukua mwendo wake kwenye saa hiyo hupanda nayo, RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, ikiwa ya kwanza.

Anayelielewa hilo ameshajibu nusu ya maswali ya ununue nini. Wengi huingia dukani na namba moja tu kichwani, ile ya GHz, wakatoka na prosesa ya bei kubwa itakayoshinda ikisubiri RAM ya polepole. Msimamo wangu ni huu, na nitautetea kwa hesabu: kwa mashine nyingi zilizopo hapa Uganda, shilingi ya kwanza iende kwenye SSD kama bado unatumia diski ya kuzunguka, ya pili iende kwenye RAM, na kuovakloki kuje mwisho, kama kutakuja.

Namba za RAM zisikuchanganye

DDR4-3200 (RAM ya kizazi cha nne cha DDR) ina saa halisi ya 1600 MHz. Hiyo 3200 ni mamilioni ya mipitisho ya data kwa sekunde, kwa sababu DDR hupitisha data mara mbili katika kila mpigo wa saa. Ndiyo maana programu ya CPU-Z itakuonyesha 1600, au 1596, na mtu akarudi dukani kwa hasira akidai ameuziwa RAM ya nusu kasi. Hajaibiwa, azidishe mara mbili.

Kila mpitisho hubeba baiti 8. Kwa hiyo 3200 × 8 ni MB 25,600 kwa sekunde kwenye chaneli moja, yaani njia moja kati ya RAM na prosesa, na MB 51,200 ukiwa na vipande viwili vilivyokaa kwenye chaneli mbili. Shika hesabu hiyo, kwa sababu inaonyesha kwamba kipande cha pili kinakupa maradufu, jambo ambalo hakuna kuovakloki kwa aina yoyote kutakupa.

Upande mwingine kuna kusubiri, ile namba ya CL: mipigo ya saa inayopita kabla RAM haijatoa data uliyoiomba. CL peke yake haisemi kitu mpaka uigawe kwa saa halisi upate nanosekunde. DDR4-3200 ya CL16 ni nanosekunde 10. DDR4-3600 ya CL18 nayo ni 10. DDR4-3200 ya CL22, ile ya kijani isiyo na mapambo, ni 13.75, sawasawa na DDR3-1600 ya CL11. DDR5-4800 ya CL40 ni 16.7. Kwa hiyo anayehama kutoka DDR3 kwenda DDR5 ya bei ya chini hupata wingi mkubwa wa data kwa sekunde, lakini data ya kwanza haimfikii mapema zaidi. Kwa kazi ya video hilo halina neno. Kwa gemu na kwa programu zinazorukaruka huku na huku kwenye kumbukumbu, lina neno kubwa.

Zamani saa ilikuwa moja

Kwenye mashine za Core 2 Duo na Core 2 Quad, ambazo bado unakutana nazo kwenye maduka ya fotokopi na maabara za shule, kizidishi kilikuwa kimefungwa kwa prosesa nyingi na mlango pekee ulikuwa saa ya msingi. Core 2 Duo E8400 ni 333 MHz mara 9, yaani 3.0 GHz. Ipandishe 333 iwe 400 na unapata 3.6 GHz.

RAM nayo imefungwa kwenye saa hiyo kwa uwiano. Tuseme BIOS, programu ya mipangilio iliyomo kwenye ubao mama, imeweka DDR2-800 kwa uwiano wa 5:6, ambapo 333 inazaa 400. Sasa saa imekuwa 400, na kwa uwiano uleule inazaa 480, yaani DDR2-960. Vipande vingi vya 800 haviwezi kufika huko. Mashine inagoma kuwaka, mwenyewe anasema prosesa imefika mwisho wake, kumbe prosesa haina tatizo hata kidogo. Dawa ni kushusha uwiano hadi 1:1 kabla ya kugusa saa: 400 kwa 400, na DDR2-800 inafanya kazi kwa kasi ileile iliyoandikwa juu yake.

Mwaka 2011 Intel walipotoa Sandy Bridge, saa ya 100 MHz ikawa inaendesha pia PCIe na SATA, njia za kadi na za diski. Isogeze hadi 105: RAM ya 1333 inakuwa 1400, lakini kidhibiti cha diski nacho kinatoka nje ya kipimo chake na mafaili yanaweza kuanza kuharibika. Tangu hapo kuovakloki kwa upande wa Intel kukawa shughuli ya kizidishi, na kizidishi kilicho wazi kikawa cha prosesa zenye herufi K zilizokaa kwenye ubao unaoruhusu, hasa wa familia ya Z. Hapo ndipo prosesa na RAM zilipoachana njia.

Mipigo inayopotea

Kwenye mashine ya kawaida ya DDR4, safari ya kwenda kwenye RAM na kurudi huchukua takriban nanosekunde 80. Kwa prosesa ya 3.6 GHz, huo ni muda wa mipigo 288 ya saa. Ipandishe hadi 4.2 GHz na safari ileile inakuwa mipigo 336. RAM haijapunguza mwendo. Prosesa ndiyo iliyoongeza idadi ya mipigo inayoipoteza ikisubiri. Mpishi wa rolex, ile chapati ya mayai, akizidisha wepesi wa mikono huku mtoto anayemletea mayai akitembea vilevile, foleni haipungui kwa kiasi cha wepesi wa mpishi.

Kuna namna ya kukadiria faida. Chukua kazi ambayo asilimia 60 ya muda wake ni hesabu na asilimia 40 ni kusubiri RAM. Ukitoka 3.6 hadi 4.2 GHz umeongeza kasi ya hesabu kwa asilimia 16.7. Lakini sehemu ya hesabu tu ndiyo inayopungua: 0.6 gawanya kwa 1.167 ni 0.514, jumlisha 0.4 isiyobadilika, unapata 0.914. Faida yako halisi ni asilimia 9 hivi, si 17. Kazi inayoenea ndani ya kache, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyomo ndani ya prosesa, kwa mfano kurenda picha kwa Cinebench, itakupa karibu zote 17, na ndiyo sababu watu hupenda kuonyesha namba za Cinebench. Jaribu kipimo kilichomo ndani ya 7-Zip, ambacho ni cha bure na kinategemea sana RAM, hasa kwenye kubana mafaili, uone namba zinavyonyenyekea.

Programu kama AIDA64 zinaweza kukuonyesha kwamba RAM imekuwa na kasi kidogo zaidi baada ya kuovakloki prosesa. Si uongo wa programu. Data ikitoka kwenye RAM hupita kwenye kache ya ngazi ya tatu na njia za ndani ya prosesa kabla ya kufika kwenye kiini, sehemu inayofanya hesabu, na ukipandisha saa ya sehemu hizo unakata nanosekunde chache za safari. RAM yenyewe iko palepale.

Ryzen: hapa RAM ndiyo inayoivuta prosesa

Kwenye prosesa za AMD za Ryzen kamba inavutwa kutoka upande wa pili. Viini vya prosesa na kidhibiti cha RAM vimeunganishwa na njia ya ndani inayoitwa Infinity Fabric, na kwenye mashine za DDR4 njia hiyo kwa kawaida hufuata saa ya RAM moja kwa moja. RAM ikiwa 3200, njia ni 1600 MHz. RAM ikiwa 3600, ni 1800.

Sasa fikiria kinachotokea mtu anaponunua prosesa ya Ryzen 5 3600 na vipande viwili vya RAM ya 3200, akavipachika, akasakinisha Windows na kuanza kazi. Ubao mama haujui kama unaruhusiwa kutumia 3200. Huanza na kipimo cha usalama, mara nyingi 2133 au 2400. Njia ya ndani nayo inashuka hadi 1066 au 1200. Hapo mtu amelipia theluthi ya kasi ambayo haitumii, na inaweza kukaa hivyo kwa miaka bila onyo lolote. Fungua Task Manager, ukurasa wa Performance, bonyeza Memory, usome Speed. Ukiona 2133 kwenye RAM ya 3200, ingia BIOS na uwashe XMP, kipimo cha kasi kilichohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe, ambacho kwenye baadhi ya bao huitwa DOCP au A-XMP. Ni sekunde chache za kazi, na kwenye Ryzen huzaa matunda kuliko kupandisha prosesa 100 au 200 MHz kwa mkono.

Kuna kikomo. Kwa Ryzen 3000 na 5000, chipu nyingi hubeba njia ya ndani hadi 1800, na baadhi hufika 1900. Ukiweka DDR4-4000 bila njia ya ndani kuweza 2000, kidhibiti cha RAM hushuka na kufanya kazi kwa nusu ya saa ya RAM, kusubiri kunaongezeka, na RAM hiyo ya bei kubwa inashindwa na 3600 ya kawaida. Nunua 3200 ya CL16 au 3600 ya CL16 au CL18, na uishie hapo. Ryzen 5 5600G ina nafasi zaidi, mara nyingi njia yake ya ndani hupita 2000, na kwa kuwa picha zake za ndani (sehemu ya prosesa inayochora skrini) hazina kumbukumbu nyingine ila RAM hiyohiyo, kila megahezi unayoongeza huonekana kwenye gemu. Kumpa 5600G kipande kimoja cha RAM ni kuiua.

Kuhusu kizidishi cha Ryzen, ushauri wangu ni kukiacha. Ryzen 5 3600 hujipandisha yenyewe hadi 4.2 GHz kazi ikiwa kwenye kiini kimoja. Ukiifunga kwa mkono viini vyote kwenye 4.1, umepata kidogo kwenye kurenda na umepoteza kwenye kazi za kiini kimoja, ambazo ndizo nyingi za kila siku. Na kama una Ryzen 7 5800X3D, kizidishi kimefungwa, lakini kache yake ya MB 96 inapunguza safari za kwenda kwenye RAM kiasi kwamba 3200 ya kawaida inaitosha.

Bao zinazofunga RAM

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Bao za Intel zenye chipseti (chipu kuu ya ubao) za H110, B250, H310, B360, B365, H410 na B460 haziruhusu RAM kupita kipimo rasmi cha prosesa. Core i5-10400 kwenye B460 itaishia 2666 hata ukiiwekea RAM ya 4000. Familia ya B ilifunguliwa na B560 mwaka 2021. B660 na B760 nazo zinaruhusu, H510 na H610 haziruhusu. Kwa Core i5-12400 kwenye B660 ya DDR4, 3200 hukaa bila shida, lakini 3600 mara nyingi hugoma kwenye mwendo wa moja kwa moja, yaani kidhibiti cha RAM kikienda kwa saa ileile ya RAM, kwa sababu prosesa zisizo na K zimefungiwa volti ya kidhibiti cha RAM.

Kuna jambo jingine linalowakuta hata mafundi wazoefu. RAM yenye kava la chuma na taa, iliyoandikwa 3200, kwa kawaida huwa na vipimo viwili ndani yake: cha XMP, ambacho ni 3200 kwa volti 1.35, na cha kawaida, ambacho mara nyingi ni 2133 au 2400 kwa volti 1.2. Ubao uliofungwa usioweza kusoma XMP utachukua hicho cha chini. Lakini ile ya kijani ya 3200 CL22, isiyo na kava, 3200 ndicho kipimo chake cha kawaida, na ndani yake zimo pia hatua za 2933 na 2666. Kwenye B360 yenye i5-8500, ya kijani itafanya kazi kwa 2666 na ile yenye taa inaweza kuishia 2133. Aliyelipa zaidi kapata kidogo.

Kwa AMD, A320 na A520 haziruhusu kuovakloki prosesa. B450 na B550 zinaruhusu kuovakloki prosesa na RAM.

Mtumba wa ofisi

Mashine nyingi zinazobadilisha mikono mijini kwetu ni Dell OptiPlex na HP za ofisi: 7010 yenye i5-3470, 9020 yenye i5-4590, EliteDesk 800 G1 na jamaa zake. Usipoteze jioni ukitafuta mahali pa kuovakloki kwenye BIOS zao. Hapapo. Prosesa zimefungwa, RAM imefungwa kwenye 1600, na ukipachika DDR3-1866 itashuka hadi 1600. Usilipie hata shilingi moja ya ziada kwa DDR3 iliyo juu ya 1600 kwa mashine hizi.

Kinachobadilisha maisha yake ni kipande cha pili. Nyingi huuzwa na kipande kimoja cha GB 4 au 8, yaani MB 12,800 kwa sekunde. Ongeza cha pili kinachofanana, inakuwa 25,600, na picha za ndani za prosesa, HD 4600 kwa mfano, hupumua. Soma lebo kabla ya kulipa. Ikiwa imeandikwa 4GB 1Rx8 PC3L-12800U-11, maana yake ni hii: GB 4, safu moja ya chipu zenye upana wa biti 8, L ni ya volti 1.35, ambayo inakubali pia 1.5, 12800 ni MB kwa sekunde, kwa hiyo ni DDR3-1600, U ni ya kompyuta ya mezani, 11 ni CL. Herufi hiyo iliyo baada ya namba ndiyo ya kuangalia kwa makini. Ikiwa S, ni ya laptopu na haiingii. Ikiwa R, ni ya seva. Inaingia kwenye sloti vizuri kabisa, halafu mashine inalia bipu na haiwaki. RAM za R huuzwa bei ya kuvutia kwa sababu seva zilizostaafu ni nyingi, na hazifai kitu kwenye OptiPlex. Ukiona 10600 badala ya 12800, hiyo ni 1333, na itashusha na mwenzake.

Sloti nazo zina mpangilio. Kwenye bao nyingi za kujijengea zenye sloti nne, vipande viwili hukaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kwenye mashine za ofisi fuata rangi au namba zilizochapwa: DIMM1 na DIMM2 kwanza kwa Dell nyingi. Thibitisha kwa CPU-Z, ukurasa wa Memory, iseme Dual.

Baada ya hapo kuna prosesa. OptiPlex 9020 hukubali i7-4790, na 7010 hukubali i7-3770. Zote mbili huongeza nyuzi, yaani kazi ambazo prosesa huziendesha kwa pamoja, kutoka nne hadi nane, jambo kubwa kwa anayehariri video au kufungua mafaili mazito ya uchapaji pale Nasser Road. Lakini pima vizuri, kwa sababu Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi huanzia Intel ya kizazi cha 8. Ukiwa na pesa ya i7-4790 na RAM ya DDR3 ya GB 16, uliza kwanza bei ya OptiPlex 3060 au 5060 yenye i5-8500: viini sita na DDR4-2666, na RAM yake utaweza kuhama nayo.

Utaratibu, kwa mwenye mashine inayoruhusu

Kabla ya yote, UPS. Ukisasisha BIOS na umeme ukakatika katikati, ubao unaweza kufa, na hapa kwetu umeme haubishi hodi. Kama huna UPS, azima moja kwa nusu saa.

Chukua vipimo vya mwanzo bila kugusa kitu: 7-Zip, Cinebench, na joto kwa HWiNFO64 chini ya mzigo wa nusu saa. Andika. Kisha washa XMP peke yake, prosesa ikiwa kwenye kawaida yake. Baadhi ya bao, ukiwasha XMP, hupandisha pia viini vyote vya prosesa hadi kasi ya juu bila kukuambia. Kizime kipengele hicho kwa sasa, ama sivyo hutajua kosa limetoka wapi. Kwenye Intel za kizazi cha 6 hadi 9 tazama pia VCCIO na VCCSA, volti za sehemu ya kidhibiti cha RAM, kwa sababu ubao ukiachiwa huru huweza kuzipandisha kupita kiasi, 1.10 hadi 1.20 inatosha kwa 3200.

Jaribu RAM kwa Memtest86+ kutoka kwenye flashi. Usiku mzima, mizunguko minne au zaidi. Kosa moja ni kosa. RAM yenye kosa moja haijapita. Likitokea, shusha hatua moja, 3200 kwenda 2933, ujaribu tena. Likiendelea hata kwenye kipimo cha kawaida, toa vipande na ujaribu kimoja kimoja kwenye sloti ileile.

RAM ikishapita ndipo uende kwa prosesa. Kwa i7-6700K kwenye Z170, anza na kizidishi 44 kwa volti 1.25. Endesha OCCT, programu ya kuipa prosesa mzigo mzito, nusu saa. Ikipita, ongeza moja. Ikianguka, ongeza volti 0.02 ujaribu tena. Simama volti ikifika 1.35 au joto likigusa 85, lolote litakalotangulia. Prosesa nyingi za aina hii hukaa kwenye 4.5 au 4.6 GHz.

Mashine ikikataa kabisa kuwaka, feni zinazunguka, skrini nyeusi, inajizima na kujiwasha yenyewe, usiogope. Mara nyingi ni RAM inayojaribu kipimo isichokiweza, na bao nyingi hurudi zenyewe kwenye kipimo cha kawaida baada ya majaribio matatu hivi. Isiporudi, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi, toa betri ya CR2032 kwa dakika tano. Kwenye AM5 (soketi ya AMD ya Ryzen 7000 na zilizofuata) na DDR5, mara ya kwanza skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa RAM ikijifunza. Watu huzima kwa haraka wakidhani imekufa, na kuzima huko huianzisha upya kazi nzima.

Dalili husema kosa liko wapi. Skrini ya bluu ya MEMORY_MANAGEMENT, faili la ZIP linalogoma kufunguka kwa kosa la CRC, kurasa za kivinjari zinazojifunga zenyewe: shuku RAM. CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT: shuku volti ndogo ya prosesa. WHEA-Logger namba 19 kwenye Event Viewer ya Ryzen bila kuanguka: njia ya ndani imepandishwa mno. Hii ya mwisho ni hatari kwa sababu mashine inaonekana nzima.

Joto na bili

Umeme unaotumiwa na prosesa hupanda sambamba na saa, na hupanda kwa mraba wa volti. Kutoka 3.6 GHz kwa volti 1.20 hadi 4.2 GHz kwa 1.35, saa imeongezeka mara 1.17 na mraba wa volti mara 1.27; pamoja ni mara 1.48. Prosesa ya wati 65 sasa inakula 96. Wati 31 za ziada kwa saa nane ni karibu robo ya yuniti ya Yaka, umeme wa kulipia kabla, kila siku, na kwa anayetumia sola ni Wh 248 za betri kwa faida ya asilimia 9. UPS ya 650 VA nyingi hutoa wati 360 hadi 390 tu. RAM ikitoka volti 1.2 hadi 1.35 huongeza wati chache, basi.

Chumba chenye nyuzi 30 badala ya 22 huongeza karibu nyuzi nane kwenye prosesa. Anayepima usiku wa mvua Kabale apime tena mchana wa kiangazi Gulu kabla ya kusema mashine imetulia. Vumbi jekundu la murram huziba mapezi ya kipozeo. Lisafishe kila miezi mitatu, na badilisha pesti ya joto kwenye mashine yoyote ya mtumba siku unayoinunua.

Ukinunua sasa

Ukijenga kwa bajeti ya wastani, B450 au B550, Ryzen 5 5600, na vipande viwili vya GB 8 vya 3200 CL16 ni mpangilio ninaoupendekeza bila kusita. Weka vipande viwili, si kimoja cha GB 16 ukingojea cha pili, kwa sababu cha pili mara nyingi huja na chipu tofauti na XMP inagoma.

Ukienda AM5, lenga DDR5-6000 CL30 au CL36, vipande viwili tu. Ukijaza sloti zote nne, kipimo rasmi cha Ryzen 7000 hushuka hadi 3600, kwa hiyo kama unahitaji GB 64, nunua mbili za 32. Hakikisha BIOS ni ya baada ya katikati ya 2023, AMD walipoweka ukomo wa volti 1.3 kwenye sehemu ya SoC, iliyo na kidhibiti cha RAM, baada ya baadhi ya chipu za X3D kuungua.

Na ukiuziwa i7 au i9 ya K ya kizazi cha 13 au 14 iliyokwishatumika, uliza ilikuwa kwenye BIOS ya lini. Intel walitoa marekebisho ya volti Agosti na Septemba 2024, na marekebisho hayo huzuia uharibifu mpya, hayaponyi chipu iliyokwishadhurika. Ijaribu mbele ya muuzaji kwa kipimo cha 7-Zip dakika kumi na kwa kufungua faili kubwa lililobanwa. Likikataa kufunguka, usilipe.